Nyumba Inayokula LUKU

Anayetafuta nyumba ya kununua Dar es Salaam huuliza mambo yale yale. Ina hati? Maji ya DAWASA yamefika? Gari linaingia mpaka getini wakati wa masika? Aliye makini zaidi atauliza kama muuzaji ana mke, na kama mke ameridhia. Yote ni maswali ya lazima, na mengine tutayarudia. Lakini lipo moja ambalo madalali hawaulizwi: dirisha la chumba cha kulala limeelekea wapi? Mwaka mmoja baada ya kuhamia, swali hilo linarudi kwa sura nyingine. Mwenye nyumba analalamika kwamba uniti hazikai, LUKU inakimbia, labda mita ni mbovu. Mara nyingi mita haina kosa lolote. Inahesabu kilichoamuliwa siku fundi alipovuta kamba za msingi.

Hoja ya makala haya ni hiyo. Gharama ya umeme ya nyumba hununuliwa pamoja na kiwanja, ramani na paa. Friji, pasi na kiyoyozi huja baadaye, na hubeba lawama ambayo nusu yake si yao.

Tuanze na pesa, maana ndizo zinazouma. Kwa viwango vilivyoanza kutumika 2016, mteja wa kawaida wa nyumbani hulipa shilingi 292 kwa uniti. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya wakala wa nishati vijijini, REA, na asilimia 1 ya mdhibiti wa nishati na maji, EWURA, hivyo uniti moja inafika shilingi 356. Ndiyo maana ukinunua umeme wa 10,000 unapata uniti 28, na zinapungua zaidi siku ya makato ya kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 hukusanywa kupitia LUKU: kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kisha 1,500 kuanzia 2023. Mtumiaji mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, amewekwa kundi lake ambalo watu wa TANESCO huliita D1. Huyo hulipa shilingi 100, na makato yakijumlishwa 122. Uniti 75 zinamtoka kwa shilingi 9,150. Jirani yake wa kundi la kawaida hulipa karibu 26,700 kwa uniti hizo hizo.

Je, familia inaweza kuishi ndani ya uniti 75 bila kujinyima? Friji nzuri ya wastani hutumia kama uniti moja kwa siku, yaani 30 kwa mwezi. Feni ya wati 60 ikizunguka saa nane kila usiku ni uniti 14 na kitu. Taa tano za LED za wati 9, zikiwaka saa tano, hazifiki uniti 7. Televisheni ya wati 50 kwa saa tano ni uniti 7 na nusu. Jumla ni kama 59, na zinazobaki zinatosha kupiga pasi mwezi mzima na kuchaji simu. Kwa hiyo inawezekana. Lakini inawezekana kwa sharti moja ambalo halimo kwenye hesabu: feni iwe inatosha kulaza watu. Nyumba ikiwa tanuri, feni haisaidii kitu, inazungusha joto tu. Hapo ndipo kiyoyozi kinapoingia.

Kiyoyozi cha kawaida cha BTU 12,000 huvuta kama kilowati moja kompresa ikiwa kazini. Tuseme kinawashwa saa nane usiku, na kompresa inafanya kazi theluthi mbili tu ya muda huo. Ni uniti tano na ushee kwa usiku mmoja, 160 kwa mwezi, shilingi 57,000 kwa chumba kimoja. Feni ilikuwa inadai shilingi 5,000 kwa bei hiyo hiyo. Tena nafuu ya D1 imeshaondoka, maana huwezi kuwa na kiyoyozi cha kila usiku ukabaki chini ya 75. Ndiyo maana nasema chumba chenye joto kina bei, hata kama bei hiyo haiandikwi kwenye hati ya mauziano.

Joto hilo linatoka wapi? Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena kwenye siku kumi za kwanza za Oktoba au hapo karibu. Juni linakaa upande wa kaskazini, Desemba upande wa kusini, na miezi yote hiyo saa sita linakuwa juu sana. Faida yake ni kwamba ukuta unaotazama kaskazini au kusini hukingika kirahisi. Upenu wa sentimeta 90 unatia kivuli mita moja na nusu ya ukuta ulio chini yake, hata saa sita mchana ya Juni. Ukuta wa magharibi hauna dawa nyepesi namna hiyo. Saa kumi jioni jua limeshainama, linapita chini ya upenu, linapiga tofali na kioo moja kwa moja. Tofali la saruji linalibeba joto hilo na kulitoa taratibu kuanzia saa moja usiku, yaani saa ambayo watoto wanaingia kulala.

Sasa uongeze upepo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba mpaka Machi, ambayo ndiyo miezi ya joto kali. Kusi hushika baada ya hapo, likitoka kusini na kusini mashariki. Manahodha wa majahazi walipanga safari zao kwa pepo hizo. Kwa mjenzi wa pwani ni bahati ya aina yake, kwa kuwa pande zilizo rahisi kuzikinga na jua ndizo hizo hizo zinazoleta upepo. Nyumba ndefu iliyolala kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha yake mengi yakiwa kaskazini na kusini, na kuta fupi zisizo na madirisha makubwa zikipokea jua la asubuhi na la jioni, imeshamaliza nusu ya kazi kabla ya kuvutiwa waya wa umeme.

Tatizo ni kwamba mpimaji hagawi viwanja kwa upepo. Anavigawa kwa barabara, na sisi tunaelekeza nyumba getini. Mradi wa viwanja 20,000, uliotekelezwa Dar es Salaam kuanzia 2002, ulizaa maeneo yaliyopimwa kama Bunju, Mbweni, Tuangoma na Kibada, na viwanja vingi huko vina nafasi ya kutosha mtu kuigeuza nyumba apendavyo. Ukipita leo utaona ni wachache waliogeuza. Sebule inatazama geti, geti linatazama barabara, na barabara ilichorwa na mtu aliyekuwa akifikiria magari. Katika maeneo yasiyopimwa hali ni ngumu zaidi, kwa sababu jirani amejenga mpaka mwisho wa mpaka wake, na ukuta wake umekuwa pazia la upepo wako. Hapo anayenunua inabidi aangalie si nyumba tu, bali na kiwanja kitupu kilicho upande wa mashariki na kusini. Kitajengwa, na pengine ghorofa.

Halafu kuna mtindo. Kwa miaka kadhaa sasa nyumba inayotamaniwa mijini ni ya kuficha bati: kuta zinapandishwa juu kuzunguka paa, bati linalala ndani kwa mteremko mdogo, na kwa nje nyumba inaonekana kama kasha safi la kisasa. Sipingi uzuri wake. Lakini umbo hilo limefuta upenu, na upenu ndio uliokuwa ukikinga ukuta na dirisha. Jua linapiga ukuta kuanzia juu mpaka chini, na mvua ya masika nayo inaulowesha. Mfereji wa ndani, uliofichwa nyuma ya ukuta, ukizibwa na majani siku ya mvua kubwa, maji hayana pa kwenda ila juu ya dari. Mafundi wa jipsamu wanaijua kazi hiyo, ni ajira yao ya kila mwaka. Ongeza rangi: bati jeusi, la kijivu iliyokolea, la kahawia. Bati linalong'aa hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, bati jeusi hunywa karibu wote. Juu ya dari isiyo na tundu la kutolea hewa, joto hilo hukaa mchana kutwa likitafuta njia ya kushukia vyumbani.

Dirisha nalo limebadilika. Dirisha la mbao la zamani lenye milango miwili lilifunguka lote. La alumini la kusukuma hufunguka nusu tu, maana nusu moja lazima ikae nyuma ya nyingine. Ukitoa wavu wa mbu, ambao hatuwezi kuuacha, na nondo za kuzuia wezi, upepo unaopita ni sehemu ndogo ya shimo ulilolipia. Na ukichunguza ramani nyingi zinazouzwa mitaani na mitandaoni utakuta kona ya nyumba yenye upepo mzuri imepewa choo cha masta, huku kitanda kikiwekwa kwenye chumba chenye dirisha upande mmoja tu. Upepo hauingii mahali usipoweza kutokea. Chumba chenye dirisha moja hupata hewa, hakipati upepo.

Wazee waliojenga pwani walilijua hilo, ingawa tusiwafanye malaika. Nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam na Tanga, ile ya vyumba sita, ina ukumbi unaokwenda moja kwa moja kutoka mlango wa mbele mpaka uani. Fungua milango yote miwili na nyumba nzima inapumua. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe na Lamu zilikuwa na njia nyingine: kuta za matumbawe na chokaa zenye unene wa kufika nusu mita, dari za juu, vyumba vyembamba kwa sababu boriti la mkoko halivuki zaidi ya mita tatu hivi. Watu husema kuta nene ndizo zilizoleta ubaridi. Ni sehemu tu ya jibu. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba jua haligusi kuta za chini isipokuwa saa chache, na kila nyumba inamtilia kivuli jirani. Ukijenga ukuta wa nusu mita peke yake kwenye kiwanja cha wazi Goba, bila kivuli, utakuwa umejenga ghala la joto. Pwani, penye unyevu, upepo na kivuli ni muhimu kuliko unene.

Bara mambo yanageuka. Njombe, Mbeya au Lushoto, mwezi wa Julai, mtu anataka jua liingie ndani na joto lisitoke. Ukuta mnene wa tofali la kuchoma una maana huko, madirisha yasiyovuja hewa pia, na dari ni ya lazima. Lakini ramani zinazojengwa huko mara nyingi ni zile zile zilizochorewa Dar es Salaam, zenye madirisha makubwa pande zote. Kinachokula umeme kwenye baridi ni maji ya kuoga. Hita ya papo hapo ya kwenye bomba la bafu huvuta kama kilowati 5. Mtu mmoja akioga dakika kumi ametumia uniti 0.8. Familia ya watu watano inafika uniti nne kwa siku, zaidi ya 120 kwa mwezi, shilingi 44,000 za kuoga peke yake. Mtambo wa kuchemsha maji kwa jua, ule wa mabomba na tangi juu ya bati, unaondoa sehemu kubwa ya gharama hiyo, kwa sharti kwamba bomba la maji ya moto limepitishwa ukutani kabla ya plasta. Baada ya vigae kubandikwa, wengi huahirisha mpaka wanasahau.

Mambo haya yanajulikana, na chuo kikuu cha ardhi tunacho. Kwa nini basi hatujengi hivyo? Jibu rahisi ni ujinga, na silikubali. Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye namna tunavyomiliki ardhi na tunavyoigharamia nyumba.

Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Unachonunua ni haki ya kuikalia, kwa miaka 33, 66 au 99. Aliye kwenye eneo lisilopimwa anaweza kupata leseni ya makazi, ambayo ni ya muda usiozidi miaka mitano, na inaweza kuhuishwa. Wengine wengi wana karatasi ya mauziano iliyosainiwa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mashahidi wawili na wino wa bluu. Karatasi hiyo si bure, lakini haikupi usingizi. Mtu asiye na uhakika na ardhi yake hununua vitu vinavyohamishika. Kiyoyozi kinang'olewa na kupakiwa kwenye kirikuu. Upenu, mti wa miaka kumi na dirisha lililokaa mahali pake havipakiki. Kwa hiyo usalama wa miliki na unafuu wa bili ni suala moja lenye pande mbili, ingawa wizara zinazolishughulikia ni mbili tofauti.

Ndiyo maana siku ya kununua, upekuzi wa hati kwa Msajili ni hatua isiyorukwa, hata kama muuzaji ni ndugu wa mbali. Upekuzi unaonyesha kama nyumba imewekwa rehani benki au ina zuio la mahakama. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, na mauzo mengi yamevunjwa mahakamani kwa hilo tu. Muuzaji mkazi hudaiwa kodi ya asilimia 10 ya faida aliyopata, na ushuru wa stempu unakaribia asilimia 1 ya bei. Hapo ndipo mtu huambiwa na dalali waandike bei ndogo. Ushauri wangu ni kukataa, na si kwa uadilifu peke yake: siku utakapouza wewe, bei ndogo uliyoandika itaifanya faida yako ionekane kubwa, na kodi uliyomkwepesha mwenzako utailipa wewe.

Kuna hatari nyingine ambazo hati haizionyeshi vizuri, na macho yanaziona. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au ufukwe wa bahari. Bonde la Msimbazi limefundisha watu kwa maji, Desemba 2011 na mara nyingi baadaye. Hifadhi ya barabara nayo haina huruma: 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, zilibomolewa kupisha upanuzi, na zilikuwamo nyumba za kudumu zilizokaliwa miaka mingi. Alama ya X kwenye ukuta wa jirani wa tatu ni taarifa kwako pia.

Kisha kuna mkopo. Kampuni ya kuzipa benki fedha za mikopo ya nyumba, TMRC, iliundwa 2010, na benki zinazotoa mikopo hiyo zimeongezeka. Lakini riba bado ni ya tarakimu mbili, na walio wengi hujenga kwa mshahara na vikoba, tofali kwa tofali, miaka sita, miaka minane. Ujenzi wa namna hiyo huadhibu kila kinacholipiwa mwanzoni na kuleta faida baadaye. Dari huwa ya mwisho, na familia inahamia kabla haijapigwa. Kuongeza upenu ni mbao na bati za ziada wakati ambao hela imeishia kwenye lenta. Naona fursa moja tu katika utaratibu huu, na ni ya anayenunua pagale. Jengo lililofika kwenye lenta bila paa bado linasikia. Dirisha linaweza kuhamishwa, la magharibi likapunguzwa, paa likachorwa upya likiwa na upenu, bomba la maji ya moto likapitishwa. Gharama yake ni mifuko ya saruji na siku chache za fundi. Nyumba iliyokamilika na kupakwa rangi inauzwa ghali zaidi na haibadiliki tena.

Kwa aliyenunua sehemu ya ghorofa, Upanga au Kariakoo, chini ya sheria ya 2008 ya kumiliki sehemu za jengo, maamuzi mengi yameshafanywa na mwingine. Hapo achague tu: si ghorofa ya juu kabisa chini ya zege, si upande wa magharibi, na asome mkataba wa gharama za pamoja kabla ya kusaini, maana lifti, pampu na jenereta vinagawanywa kwa wote.

Mpangaji ndiye anayeumizwa zaidi, na haongelewi. Mwenye nyumba ndiye anayeamua bati, dari na dirisha, lakini LUKU ananunua mpangaji, kwa hiyo hakuna kinachomsukuma mwenye nyumba kutumia hela ya ziada. Hata kodi ya jengo, ambayo kisheria ni ya mmiliki, hukatwa kwenye umeme wa anayekaa, na wachache wana ujasiri wa kudai irudishwe kwenye kodi ya pango. Kwenye nyumba za vyumba vingi hali ni mbaya zaidi. Wapangaji sita wanachangia mita moja. Kila mmoja peke yake angetumia uniti 30 na kubaki kwenye bei ya 122. Kwa pamoja wanavuka 75 na wote wanalipa 356. Maskini ananunua umeme kwa bei ya mwenye kiyoyozi. Halafu wanagombana: nani ana friji, nani anachemshia maji jagi la umeme, kwa nini fundi cherehani anachanga sawa na mlinzi anayelala kazini. Ugomvi huo hauishi kwa kuwekeana zamu za kununua. Unaisha kila chumba kikiwa na mita yake, na wenye nyumba wanaoweka mita hizo huona wapangaji wao wanakaa.

Jikoni kuna habari nzuri kidogo. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe ifikapo 2034. Watu wengi wakisikia kupika kwa umeme huwaza lile jiko la koili lililowamalizia uniti. Sufuria ya presha ya umeme ni kitu kingine. Ina wati 1,000, lakini ikishapata presha hujizima na kujiwasha yenyewe, kwa hiyo maharage ya nusu kilo huiva kwa chini ya nusu uniti. Hata kwa bei ya 356 ni shilingi 180 haziishi. Mkaa wa kuivisha maharage hayo mjini haupatikani kwa fedha hiyo. Chapati na samaki wa kukaanga acha kwenye gesi.

Maji nayo ni umeme, ingawa hatuyahesabu hivyo. Nyumba nyingi zina pampu inayowaka kila bomba likifunguliwa, na boya la choo linalovuja huifanya iwake usiku kucha. Tangi juu ya mnara, likijazwa mara moja kwa siku, linamaliza tatizo hilo kwa nguvu ya mvutano tu. Na kabla ya kuchimba kisima, pima bati: mvua moja ya milimita 50 kwenye paa la mita za mraba 120 ni lita 6,000. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka.

Kuhusu miti nitasema kifupi, kwa kuwa nitaonekana mkorofi. Mwashoki hautoi kivuli. Ni mti wa mapambo, mwembamba kama mlingoti, na tumeupanda uani kote tukakata miembe na mikungu. Kisha tukafunika ardhi yote kwa pevingi, tukashangaa kwa nini ua unawaka jioni. Mwarobaini mmoja upande wa magharibi, mita nne au tano kutoka ukutani, unafanya kazi ambayo kiyoyozi kinalipwa kuifanya.

Mwisho wa yote, sola. Nimeiacha hapa makusudi, ingawa wengi huanza nayo. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme wake kwenye gridi mapema 2024, na mgawo wa miaka iliyotangulia umepungua. Lakini umeme unaokatika kwa sababu ya nguzo iliyoanguka au transfoma iliyozidiwa mtaani hautibiwi na bwawa. Kwa hilo, betri na paneli vina maana. Paneli ya wati 550 huleta kama uniti 2 kwa siku ya kawaida, 60 kwa mwezi, yaani shilingi 21,000 za umeme wa gridi. Ukiwa na nyumba inayotumia uniti 59, paneli mbili na betri ndogo zinakutosha kwa raha. Ukiwa na nyumba ya viyoyozi vitatu, utanunua mtambo wa mamilioni ili kupoza kuta ambazo zingekingwa na upenu. Na hapa pia paa linauliza maswali yake: paneli Dar es Salaam hutazama kaskazini kwa mwinuko mdogo, nyuzi 10 hivi, ili mvua izioshe, na kwenye paa la kuficha bati, ukuta uliopandishwa huzitilia kivuli asubuhi na jioni.

Halmashauri zingeweza kusaidia bila kutumia senti. Kibali cha ujenzi hakitolewi bila ramani, na ramani lazima ionyeshe kaskazini iko wapi. Mkaguzi anayepima umbali wa ukuta kutoka mpaka anaweza kwa penseli hiyo hiyo kuuliza dirisha kubwa la magharibi linafanya nini na upenu uko wapi. Mpaka hilo litokee, mnunuzi ajilinde mwenyewe. Dalali atakupeleka asubuhi, nyumba ikiwa na ubaridi na rangi inang'aa. Mwambie mrudi saa tisa alasiri. Weka kiganja kwenye ukuta wa magharibi ukiwa ndani, fungua madirisha yote, simama katikati ya chumba uone kama pazia linacheza. Kisha mwombe muuzaji, kwa adabu, akuonyeshe meseji zake za LUKU za miezi mitatu, Januari ikiwemo. Akisita, punguza bei.